Utitiri wa Nyoka Wanaofugwa: Hotuba kwa Wafugaji wa Unguja na Pemba

Mheshimiwa Mwenyekiti, maalim zangu, madaktari wa mifugo mliotoka Unguja na Pemba, vijana mnaowatembeza wageni katika mabustani ya wanyama, na wafugaji wote mliohudhuria: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Nimetakiwa nizungumze juu ya utitiri unaowashika nyoka wanaofugwa, na namna ya kuuondoa. Nimeipokea mada hii kwa moyo mmoja, kwa sababu nyoka wengi niliowaona wakifa katika shida hii hawakuuliwa na utitiri wenyewe. Waliuliwa na dawa walizopakwa na watu waliowapenda na waliotaka kuwasaidia upesi. Kwa hiyo ninalotaka lieleweke tangu sasa, kabla sijaingia katika maelezo, ni kwamba utitiri unashindwa ndani ya tundu analofugiwa nyoka na kwa kuhesabu siku, zaidi kuliko juu ya ngozi ya nyoka. Anayemsafisha nyoka akaliacha tundu kama lilivyokuwa, au anayesafisha vyote viwili kwa siku moja kisha akaridhika, baada ya wiki mbili au tatu ataukuta utitiri umerudi, na awamu hiyo ya pili ndiyo inayomtia hasira akaifuata chupa ya sumu.

Utitiri ninaouzungumzia ni ule ambao wataalamu wanauita Ophionyssus natricis, jina lililomo katika elimu ya wanyama tangu mwaka 1844. Mkubwa wake ana miguu minane, kwa hiyo ukoo wake ni wa kupe na buibui, si wa chawa wala viroboto. Jike aliyeshiba damu hufikia milimita moja na kitu, naye huonekana mweusi au mwekundu uliokolea; asiyekula ni mdogo zaidi na amefifia rangi, hata mtu mwenye macho mazuri anaweza kumpita asimwone. Siku hizi unapatikana duniani kote nyoka wanakofugwa, kwa kuwa umesafiri pamoja na nyoka wenyewe katika masanduku ya biashara. Naomba tusiuchanganye na kupe. Chatu aliyetoka msituni mara nyingi huwa na kupe, ambao ni wakubwa, hugandia kati ya magamba mahali pamoja kwa siku nyingi, na huondolewa mmoja mmoja kwa kibano. Utitiri haugandi hivyo. Unapanda juu ya nyoka kula, kisha unashuka kwenda kwenye shughuli zake nyengine, na shughuli hizo ndizo zinazotupasa tuzijue vizuri.

Maisha yake yana hatua tano: yai, lava anayetoka katika yai, tunutu (yaani mdogo ambaye hajakomaa) wa kwanza, tunutu wa pili, na mzima aliyekomaa. Katika hatua hizo tano, mbili tu ndizo zinazonyonya damu, nazo ni ya tunutu wa kwanza na ya mzima. Yai halina haja na nyoka, lava hali kitu, na tunutu wa pili naye hali. Wote hao wamo katika nyufa za mbao, chini ya matandiko, katika mfereji wa kioo cha kusukuma, na nyuma ya bawaba za mlango. Maana yake ni kwamba wakati wowote ule unapomtazama nyoka wako na kuuona utitiri juu ya magamba yake, sehemu kubwa ya jamaa zake haipo pale unapotazama. Jike akishashiba hutafuta mahali penye giza na unyevu, na ana tabia ya kupanda juu badala ya kushuka, jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui, kwa hivyo husugua sakafu ya tundu mpaka ikang'ara na wakakisahau kifuniko, ambacho ndicho chenye mayai. Katika uhai wake hutaga mayai 60 hadi 80, kwa mafungu, kila baada ya kunyonya. Tena hata jike ambaye hajapandwa hutaga, na mayai yake hutoka madume, ndiyo maana jike mmoja aliyejificha katika kona anatosha kuanzisha kizazi kizima.

Sasa tuitazame hewa yetu sisi wenyewe. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30 yai hupasuka ndani ya siku chache, na tangu yai hadi mzima hupita kama siku 13 hadi 19. Mzima huweza kuishi kiasi cha siku 40. Tunutu wa kwanza, asipompata nyoka wa kumnyonya, anaweza kungojea kwa zaidi ya wiki mbili bila ya kula. Joto hilo nililolitaja, ambalo wafugaji wa nchi za baridi hulipa umeme ili walipate, sisi tunalo mwaka mzima bila ya kulipia, na utitiri nao unalipata vivyo hivyo. Juu ya joto hilo pana unyevu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, chumvi inapoyeyuka kikoponi na nguo zikakataa kukauka, tundu la nyoka lililowekwa ukumbini huwa ni mahali ambapo utitiri usingeweza kupata pazuri zaidi. Hii ndiyo sababu ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya, ambako hewa ya ndani hukaushwa na mitambo ya joto, hautufai sisi kwa ukamilifu wake. Kwetu kila hatua inahitaji kurudiwa zaidi, na ukavu unahitaji kutafutwa makusudi.

Lakini mdudu huyu ana udhaifu wake, na udhaifu huo ndio silaha yetu. Ukavu humuua, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na maji yake ni machache. Joto la nyuzi 50 na zaidi humuua yeye na mayai yake. Maji humzamisha, ingawa si mara moja. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalonunuliwa duka la dawa.

Kuhusu dalili, nitasema yale yanayohitajika. Nyoka mwenye utitiri hupenda kulala ndani ya bakuli lake la maji kwa saa nyingi, hata siku nzima, kwa sababu maji yanampunguzia kuwashwa. Ni kweli kwamba chatu anayekaribia kujivua gamba naye hupenda maji, kwa hiyo dalili hiyo peke yake haitoshi. Angalia chini ya bakuli, na ukikuta vidoa vyeusi mfano wa chembe za pilipili manga vimezama, jibu umelipata. Angalia ukingo wa jicho, pale jicho linapokutana na gamba, kwa sababu nyoka hana kope na utitiri hupenda kujisukuma katika ufa ule mdogo. Angalia mfereji ulio chini ya kidevu, na kwa chatu angalia vishimo vilivyo kwenye midomo yake. Vumbi jeupe lililotapakaa juu ya magamba ni kinyesi cha utitiri. Magamba yaliyoinuka, gamba linalotoka vipande vipande, kukataa kula, kutotulia usiku, yote hayo yanasaidia kuthibitisha. Mwenye shaka ampitishe nyoka wake katika kitambaa cheupe kilicholoweshwa kidogo, akifanya hivyo usiku, kwa kuwa utitiri ni wa giza, kisha akitazame kitambaa kwa taa. Na ukimfungua mdomo nyoka mdogo ukaona nyama za ndani zimepauka, ujue kwamba ameshapoteza damu nyingi na kwamba anahitaji daktari siku hiyo hiyo, si kesho. Mbali na damu, utitiri unaweza kuhamisha vijidudu vya maradhi kutoka kwa nyoka mmoja hadi mwengine, wakiwamo bakteria waitwao Aeromonas hydrophila, ambao wakiingia katika damu ya nyoka aliyedhoofika humuua kwa muda mfupi.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Ninachokieleza ni kwa chatu na kwa nyoka wengine wasio na sumu. Mwenye nyoka wa sumu asijaribu hatua yoyote ya kumshika bila ya mtaalamu aliyezoea kazi hiyo.

Siku ya kwanza nyoka ahamishwe kabisa kutoka katika tundu lake. Awekwe katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kilichotobolewa matundu madogo ya hewa, na chini yake pawekwe karatasi nyeupe tupu. Nasisitiza weupe, kwa sababu gazeti lenye maandishi linauficha utitiri kati ya herufi. Ndani ya chombo pawe na bakuli la maji na maficho moja ya kitu kinachooshwa au kinachotupwa, kama boksi dogo la karatasi ngumu, na pasiwe na kitu chengine chochote. Najua wengi wenu hupenda kumtandikia nyoka makumbi ya nazi yaliyokatwa au usumba, na kwa siku za kawaida ni matandiko mazuri yanayohifadhi unyevu na yanayopatikana kwetu bila ya shida. Katika wiki hizi hayafai. Hiyo sifa yake ya kuhifadhi unyevu ndiyo inayomfaa jike anayetafuta pa kutagia.

Makumbi yaliyomo katika tundu la zamani yachomwe siku hiyo hiyo, yasitupwe nyuma ya nyumba. Matawi na magogo madogo yachemshwe. Yasiyoingia katika sufuria yachomwe pia, hata kama yalikuwa mazuri. Kisha lije tundu lenyewe, na hapa ndipo ninapoomba subira yenu, kwa sababu matundu mengi ya visiwani mwetu yametengenezwa na maseremala wetu kwa mbao za mwembe, na mbao hizo, pamoja na urahisi wake, hupasuka zinapokauka na kuacha nyufa ambazo hakuna brashi inayozifikia. Tundu la namna hiyo limwagiwe maji yanayochemka katika kila kiungo, kuanzia juu kwenda chini: kwanza mfuniko, halafu bawaba, halafu mifereji ya kioo, halafu pembe, na mwisho sakafu. Likishachuruzika lipelekwe juani. Jua la kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, ni msaada mkubwa mno kwa mfugaji. Tundu tupu lililofunikwa turubai jeusi na kuachwa katika sakafu ya saruji tangu asubuhi hadi alasiri linaweza kufikia joto tunalolitaka, ila msikisie. Wekeni kipimajoto ndani, katika pembe yenye kivuli, na msihesabu kazi imekwisha mpaka pembe hiyo imefika nyuzi 50 na kukaa hapo. Rudieni kwa siku kadhaa mfululizo. Katika masika, jua linapokosekana, maji ya moto ndiyo tegemeo, na kwa hakika mimi huwashauri wenye matundu ya mbao zilizopasuka kwamba wayaache moja kwa moja na kubaki na vyombo vya plastiki, ambavyo havina pa kujificha. Hasara ya tundu moja la mbao ni ndogo kuliko hasara ya chatu aliyelelewa kwa miaka.

Chumba nacho kimo katika hesabu. Utitiri hutoka ndani ya tundu na kutembea ukutani, chini ya mkeka, na hadi tundu la jirani. Sogezeni meza mbali na ukuta, pigeni deki kwa maji ya moto na sabuni, toeni mikeka na mazulia nje, na kama nyumba ina nyoka zaidi ya mmoja, wote watendewe sawasawa hata kama ni mmoja tu aliyeonekana na utitiri.

Nyoka mwenyewe aogeshwe. Maji yawe ya vuguvugu, kama nyuzi 28 hadi 30, na kina chake kisizidi unene wa mwili wake, ili aweze kukiweka kichwa juu bila ya kuogelea. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, na katika dakika zote hizo mtu awe amekaa naye. Nyoka mchovu huzama kimya kimya. Mtaona kwamba maji yanapopanda, utitiri ulio hai hukimbilia kichwani, ambako maji hayafiki. Kwa hiyo kabla ya kumtoa, kichwa kipanguswe taratibu kwa kitambaa kibichi, na ule uliojibana ukingoni mwa jicho na chini ya kidevu uguswe kwa pamba ndogo iliyochovywa tone la mafuta ya kupikia, mafuta yasiingie puani wala mdomoni. Mafuta huuziba utitiri njia ya hewa. Lakini kumpaka nyoka mzima mafuta kutoka kichwa hadi mkia, kama nilivyoona ikifanywa, si jambo la busara, kwa kuwa hubaki katika magamba, huokota uchafu, na huharibu kujivua kwake. Akishaoga akaushwe kwa kitambaa safi na arejeshwe katika karatasi mpya, si ile aliyotoka.

Karatasi ibadilishwe kila siku katika wiki ya kwanza, na baada ya hapo kila baada ya siku mbili. Iliyotolewa itumbukizwe papo hapo katika ndoo ya maji ya moto au ichomwe. Kuogesha kurudiwe kila baada ya siku mbili au tatu. Na muda wote huu uwe wa wiki sita, zinazohesabiwa tangu siku ulipouona utitiri wa mwisho, si tangu siku ulipoanza kazi. Nimeshaulizwa mara nyingi kwa nini wiki sita na si mbili, na jibu limo katika hesabu tuliyoifanya: mzima anaishi kiasi cha siku 40, tunutu anaweza kukaa na njaa zaidi ya wiki mbili, na yai moja lililobaki linahitaji wiki mbili hadi tatu kuwa jike anayetaga. Wiki sita zinavipita vyote hivyo. Nyoka anaweza kukataa chakula katika muda huo, naye asilazimishwe.

Sasa nije kwenye dawa, jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mafuta ya taa yasimguse nyoka kabisa. Yanaunguza ngozi, na mvuke wake ndani ya chombo kilichofungwa unaharibu mapafu. Dawa za kupulizia mboga na mihogo, dawa za kuoshea ng'ombe dhidi ya kupe zilizochanganywa kwa kukisia, dawa za mbu za kopo, na dikilovosi ambayo watu huinunua kwa vichupa kwa ajili ya kunguni na mende, zote hizo ni sumu ya mishipa ya fahamu, na nyoka ana mishipa ya fahamu kama alivyo nayo utitiri. Nyoka aliyedhurika hutetemeka, hukipindisha kichwa kuelekea juu, na ukimlaza chali hawezi kujigeuza. Mkiona hayo, mwosheni kwa maji mengi ya vuguvugu, mwekeni mahali penye hewa, na mpelekeni kwa daktari wa mifugo pamoja na kopo la dawa iliyotumika, ili daktari asipoteze muda kwa kuuliza.

Ndugu zangu wa Pemba wameniletea, kabla ya mkutano huu, swali kuhusu mafuta ya karafuu na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kama yanafaa kuua utitiri, nami nataka kulijibu kwa heshima, kwa sababu halikutoka hewani. Ni kweli kwamba mafuta hayo yanaua utitiri wa aina nyingi. Kinachoua ndani yake ni yujenoli, ambayo ni sehemu kubwa ya mafuta yenyewe. Lakini yujenoli hiyo hiyo hutumika kuwalaza samaki kwa usingizi wa dawa, na ikiwa kali huunguza nyama laini za macho na mdomo. Kiasi salama cha kumpaka nyoka hakijulikani kwetu sote tuliokutana hapa, na mimi sitamruhusu mtu akitafute kwa kumjaribu nyoka wake. Katika kusafisha tundu tupu, likaoshwa vizuri baadaye na kupigwa jua mpaka harufu ikaondoka, sina pingamizi nayo.

Dawa ambazo madaktari wa mifugo huzitumia kwa nyoka ni chache. Fipronili ya kupuliza ya asilimia 0.25, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa na paka, inaweza kupakwa kwa kitambaa, bila ya kupulizwa moja kwa moja, kichwa kikiachwa, na nyoka akaoshwa baadaye. Pemethrini hafifu, ya kiasi cha asilimia 0.5, hufaa zaidi kwa tundu tupu: hupulizwa, huachwa ikauke kabisa, hewa ikapita, ndipo nyoka akarejeshwa, na bakuli la maji likawekwa siku ya pili yake. Nyumba zetu, hasa za Mji Mkongwe, zina paka wengi, na pemethrini kali inaua paka, kwa hiyo asiyeweza kumfungia paka wake nje ya chumba aiache dawa hiyo. Nyoka wachanga, waliokonda, na wanaokaribia kujivua gamba wasipewe hata moja kati ya hizo mpaka daktari awaone.

Aivamektini ndiyo inayonitia khofu zaidi, kwa sababu iko katika begi la kila mtoa huduma za mifugo na kila mtu anaijua kwa kazi yake nzuri juu ya ng'ombe na mbuzi. Chupa ya kawaida ni ya asilimia 1, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Kipimo cha nyoka kinachotumiwa na madaktari ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, kikirudiwa baada ya wiki mbili. Fanyeni hesabu: chatu mchanga wa kilo moja anahitaji mililita 0.02 ya chupa ile, na nyoka mdogo wa gramu 150 anahitaji mililita 0.003. Hakuna sindano ya dukani inayoweza kupima tone hilo. Ni lazima dawa ichanganywe kwanza na kimiminika kinachofaa, kwa mkono wa mtu aliyesomea, na mizani iwe imempima nyoka siku hiyo. Tofauti baina ya kipimo na sumu ni ndogo kuliko unene wa mstari ulioandikwa kwenye sindano.

Na kobe asipewe aivamektini, asiguswe nayo, wala asiwekwe katika chombo kilichopulizwa nayo. Dawa hii humpoozesha kobe mpaka pumzi zikakata, na imeshajulikana hivyo kwa miaka mingi. Nalisema hili katika kisiwa ambacho ng'ambo yake tu, pale Changuu, wapo kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, waliotoka Ushelisheli na ambao vizazi vya watu wetu vimewatunza. Mabustani yetu ya wanyama huwaweka nyoka, vinyonga na kobe kwa kukaribiana, na mara nyingi ni mlezi mmoja, kwa ndoo moja na kitambaa kimoja, anayewahudumia wote. Kila aina iwe na ndoo yake. Hili ninawaomba viongozi wa mabustani mliopo hapa mlitekeleze tangu leo mkirudi.

Huko Ulaya na Marekani wapo wafugaji wanaotumia utitiri mwengine unaokula utitiri, hasa ule uitwao Stratiolaelaps scimitus. Sisi ni watu wa visiwa, na kiumbe hai kinachoingizwa kisiwani hakirudi kilikotoka. Asiuagize mtu kwa posta bila ya wakaguzi wa serikali kujua.

Kuzuia ni maneno machache lakini ndiyo yenye faida kubwa. Nyoka mpya, hata akitoka kwa ndugu yako, akae chumba cha peke yake, juu ya karatasi nyeupe, kwa siku 90. Ahudumiwe wa mwisho, baada ya wengine wote, na mikono ioshwe hadi kwenye viwiko na kanzu au shati libadilishwe. Vijana mnaowavisha wageni chatu shingoni ili wapige picha, zingatieni kwamba mgeni mmoja akitoka kwenye nyoka wenu akaenda kwenye nyoka wa bustani nyengine mchana huo huo, anaweza kuuchukua utitiri katika nguo zake. Utitiri huu pia humuuma binadamu na kumtoa vipele vinavyowasha, ingawa hauwezi kuishi kwake. Nyoka mwenye utitiri asitolewe mbele ya wageni mpaka wiki zake sita zimalizike.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Wapo wanaofuga nyoka bila ya kibali, na wakipata shida kama hii hawathubutu kumwita daktari. Sheria ya Zanzibar ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu ya mwaka 1996 inawahusu wanyama wa porini pia, na chatu yumo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini; kwa hiyo njia ya halali ni kwenda Idara ya Misitu na kujieleza. Anayeogopa kwenda, mara nyingi humalizia kwa kumchukua nyoka wake mgonjwa usiku na kumwachia Jozani au pembezoni mwa Msitu wa Ngezi, akiamini kwamba amemfanyia hisani. Amewaachia nyoka wa msituni utitiri, pamoja na bakteria wake. Pemba ina nyoka mdogo asiye na madhara kwa mtu, Lycophidion pembanum, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Hatuwezi kuagiza mwengine akitoweka. Mwenye nyoka asiyeweza tena kumtunza amkabidhi kwa Idara ya Misitu, au kwa bustani yenye kibali kama Zala Park iliyoko Muungoni ikikubali kumpokea, na aseme wazi tangu mlangoni kwamba nyoka ana utitiri na ni dawa gani alizopakwa, ili awekwe mbali na wenzake kabla hajafunguliwa kifuniko.